Kumchagulia Mpwa Wangu Sakado

Katika ukoo wetu mtu aliyesoma chuo kikuu hapewi kazi ngumu. Haitwi kufyeka shamba, kwa sababu atajikata. Haitwi kuamua ugomvi wa mahari, kwa sababu atasema maneno mengi. Anaitwa kuchagua vitu: miwani ya shangazi, betri ya redio, dawa ambayo karatasi yake imeandikwa Kifaransa. Kwa hiyo dada yangu mkubwa, anayeishi Kabambare, alipopanda kilima chenye mtandao na kunipigia simu hapa Kasongo, nilijua kabla hajamaliza salamu kwamba kuna kitu cha kuchagua.

"Mutoto wako amepata nafasi kwa shule ya juu kule kwako," akasema. "Mashine iko. Kaka yake ametuma toka Salamabila. Sasa tunatafuta sakado ya kuibebea. Wewe ndiye unajua."

Mtoto huyo ni mpwa wangu, binti yake wa pili. Alikuwa amemaliza sekondari muda mrefu na kukaa nyumbani akiuza maandazi kando ya barabara, huku wenzake wakiolewa mmoja mmoja. Katika masomo aliyoyachagua, mwanafunzi asiye na kompyuta huketi nyuma ya mwenye nayo na kusoma kisogo chake. Ndiyo maana kaka yake, anayetengeneza simu za wachimba dhahabu, alikuwa amemtafutia mashine iliyokwisha kutumika. Baba yake hakupinga masomo. Aliweka sharti moja tu, na dada yangu alinirudilia maneno yake kama yalivyokuwa:

"Mashine ikifika muzima na ikae muzima, asome. Ikikufa, arudi nyumbani, tutaona mambo ingine."

Mambo mengine tuliyajua sote. Yalikuwa na umri kama wangu, yalikuwa na duka na pikipiki, na yalikuwa yamekwisha kuanza kuleta samaki nyumbani kwa dada yangu bila kuagizwa. Binti mwenyewe hakuwataka, si mwanamume huyo wala samaki wake. Basi sakado, mkoba huo wa mgongoni, haikuwa pambo. Ndiyo ingeibeba mashine katika njia ile ya Kabambare hadi Kasongo, ambayo wakati wa mvua huwezi kuiita barabara bila kucheka.

Nilikwenda sokoni na furaha ambayo sikuitegemea. Mikoba ina nguvu hiyo juu yangu. Mkoba wangu wa kwanza mama aliushona kwa gunia la unga, lile la kitambaa cheupe lenye herufi za buluu zisizotoka hata ukifua mwaka mzima, na mkanda wake ulikuwa mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Jua likiwaka, mpira ulinata begani na kutoa harufu ambayo mpaka leo, nikipita penye fundi wa baiskeli, hunirudisha darasa la pili. Ndani mlikuwa na daftari, kalamu, na kipande cha muhogo wa kukaanga kilichopaka mafuta kila ukurasa niliouandika. Mvua ikianza, tuliingiza mikoba ndani ya shati na kukimbia, tumbo limetokeza mbele. Wanawake waliokuwa wakirudi shamba na vitunga mgongoni walituita mama wajawazito na kutuuliza tutajifungua lini. Daftari lililolowa lilikuwa linaanikwa juu ya paa la nyasi pamoja na pilipili, na mwalimu alipolisahihisha alipiga chafya.

Baadaye, chuoni Lubumbashi, nilinunua kisanduku kigumu cheusi chenye kufuli la namba, kama walichobeba wakurugenzi. Nilikibeba wima, mkono umenyooka. Ndani yake mlikuwa na mkate na soksi. Nilipoisahau namba nilikaa na njaa mbele ya chakula changu mwenyewe, kwa heshima kubwa.

Kwa hiyo nilijiona nina ujuzi. Muuza mikoba wa soko la Kasongo alikuwa kijana mcheshi aliyezitundika bidhaa zake kwenye mianzi, nyingine mpya kutoka China, nyingine za baloti zilizokwisha kuvaliwa na migongo ya Ulaya. Nilianza kwa kumfundisha. Nilimweleza kwamba sakado ya mashine lazima iwe na mfuko wa ndani wenye sifongo, na kwamba mfuko huo usifike chini kabisa, ili ukiweka mzigo kwa kishindo mashine isiguse ardhi. Nilimweleza kuhusu mikanda mipana, kuhusu zipu yenye meno makubwa, kuhusu mshono wa pembeni. Alinisikiliza huku anakula karanga.

"Hii iko na tundu ya kuchajia simu," akasema, akinionyesha moja nyekundu.

"Na umeme unatoka wapi?"

"Umeme utatafuta wewe, papa. Mimi niko nauzisha tundu."

Nikaiweka kando. Nikachukua nyingine, nikavuta zipu huku na huku, nikaigeuza ndani nje, nikainusa. Nikairudilia ile ya kwanza. Nikaomba ile ya juu kabisa. Mama mmoja aliyekuwa anauza sabuni meza ya jirani alikuwa amekwisha kuacha wateja wake ili aniangalie.

"Professeur," akaniuliza, "unachagua sakado ao unachagua bibi?"

"Bibi alichagua haraka kuliko hii," muuzaji akamjibu kwa niaba yangu, na soko zima upande ule likacheka.

"Maji haiingiye?" nikauliza, ili kurudisha mazungumzo kwenye sayansi.

"Maji?" Alichukua chupa, akaimwagia sakado moja ya kijivu mbele ya macho yangu. Matone yakateleza kama juu ya jani la yugwa. "Hii, hata ukianguka nayo ndani ya Lualaba, wewe utakufa, yeye itafika Nyangwe mukavu."

Ilikuwa na mfuko wa sifongo, mikanda mipana, na rangi isiyoita uchafu. Ilifaa darasani, ilifaa sokoni, ilifaa hata kanisani ukikaa nyuma. Nikainunua. Nilirudi nyumbani nimeivaa, tupu, kwa kupitia mtaa wa mbali makusudi, na mtu yeyote aliyenisalimia nilimgeukia kidogo ili aione.

Safari ya kumfuata mpwa wangu Kabambare niliifanya kwa moto, kama tunavyoiita pikipiki ya kukodi, nyuma ya dereva wa kwetu aliyeijua njia ile shimo kwa shimo. Kabambare walinipokea vizuri. Shemeji yangu, baba wa binti, aliipima sakado mikononi, akaipiga ngumi ya tumbo kama anayemjaribu mbuzi, akasema, "Iko nguvu." Mpwa wangu aliingia ndani. Alileta mashine, akaiingiza kwenye mfuko wa sifongo, akaitoa, akaiingiza tena, akavuta zipu polepole. Kisha aliivaa na kutembea nayo uani kuanzia jikoni mpaka mlangoni, na dada yangu alipoona hivyo akaingia ndani ghafla kutafuta kitu ambacho hakukipata. Dada yangu alikuwa na akili kuliko mimi shuleni. Aliacha sekondari wakati wa vita, wakati shule zilipofungwa, na zilipofunguliwa alikuwa na mtoto mgongoni.

Asubuhi, binti akioga na mimi nikiagana na majirani, dada yangu alimaliza kufunga mizigo. Ilikuwa miwili: sakado, na mfuko wa mpunga wa shamba lake, ambao nusu yake ilikuwa yangu kwa ajili ya kumlisha mtoto wake. Mpunga ulifungwa kwa mpira kwenye kiti cha nyuma. Sakado nikaivaa mimi, kifuani, kwa mbele, mikono yangu imeizunguka.

"Mupunga musiache," dada yangu akasema, ameshika bega la binti yake. "Munanisikia? Hata mukimuacha mujomba wako njiani, mupunga ifike."

"Yaya, kule Kasongo pia tunakula," nikamwambia dada yangu.

"Mimi sijasema na wewe."

Shemeji akacheka, dereva akacheka, tukaondoka.

Mvua ilitukuta njiani, mahali palipo na nyumba chache na mama mmoja anayepikia wasafiri bukari, ule ugali wetu, na mboga ya sombe. Ilinyesha mpaka njia ikawa mto mwekundu. Sakado niliiinamia kama kuku. Nilivua koti langu nikaifunika, mimi nikalowa mpaka kwenye mifupa, na nilijisikia vizuri sana. Nilikuwa, nilifikiri, mjomba kamili. Mvua ilipokatika, mbele yetu kulikuwa na kilima, na moto, ikiwa na watu watatu na mpunga uliolowa, ilipanda kidogo na kurudi nyuma, ikapanda kidogo na kurudi nyuma.

"Prof," dereva akasema, akikwangua udongo kwenye gurudumu, "ao mutu mumoja ashuke abakie hapa, ao mupunga."

Niliangalia mpunga. Nilimwangalia mpwa wangu. Nilijiangalia mwenyewe.

"Tuache mupunga," nikasema.

"Mujomba, mama alisema—"

"Mama yako anafikiri Kasongo mupunga iko inakuja na ndege? Mashine ndiyo kitu. Mashine iko hapa." Nikaipiga sakado kofi dogo la upendo.

Tuliurudisha mfuko kwa yule mama mpishi. Nilimwambia autunze, tutaagiza mtu aufuate. Halafu, kwa kuwa kulowa kulikuwa kumenifanya mkarimu, nikaongeza: "Na tukichelewa, mama, mukule tu. Ni chakula."

"Aksanti, papa," akasema, akiniangalia kwa namna ya mtu anayetafuta mtego.

Tulifika Kasongo jioni, adhana ya magharibi ikiisha. Mke wangu alimpokea mtoto, akampa maji ya moto, akaniuliza kwa nini natetemeka, nikamwambia ni bei ya wajibu. Niliiweka sakado mezani katikati, nikaikausha kwa kitambaa, na kumwita mwenyewe aifungue. Alivuta zipu. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa sifongo. Akautoa. Mkononi alikuwa na kifurushi cha majani makavu ya mgomba, na ndani ya majani, yai.

Yalikuwa mayai mengi, kila moja na majani yake, yamepangwa ubavuni mwa mkate wa muhogo uliofanywa bapa kwa umbo la mashine na kwa uzito wa mashine. Hata moja halikuwa limepasuka. Katika maisha yangu sijawahi kufanya kazi nyingine kwa ustadi wa namna ile.

"Mashine iko wapi?" mke wangu akauliza.

Mpwa wangu alikuwa ameketi chini, yai bado mkononi.

"Kwa mupunga," akasema. "Mama ameficha kwa mupunga. Ndiyo maana alisema tusiiache."

Hapo ndipo nilipoelewa, na kuelewa kwangu kulirudi nyuma miaka mingi kabla ya kunifikia. Wakati wa vita, tulipokuwa tunahamia msituni na kurudi, vitu vya thamani vilisafiri ndani ya mpunga. Redio ya baba ilipita vizuizi vyote ndani ya kitunga cha dada yangu, mkanda wa kitunga ukiwa kwenye paji lake la uso, mpunga juu, redio chini, imefungwa kwa kikwembe, kitenge chake cha kujifunga. Mwenye bunduki huingiza mkono, hukuta mpunga, huchota wake, na kukuacha upite. Na kulikuwa na kanuni ambayo wazee waliishika kuliko sala: anayetembea na mzigo ulio na siri asiambiwe. Asiyejua hatetemeki. Mimi niliyetembea nyuma ya kitunga kile nikiwa kijana anayeanza kuota ndevu sikujua kamwe kwamba tuna redio, mpaka jioni moja msituni, chini ya turubai, baba alipoitoa na kuanza kutafuta habari. Nilikumbuka sauti ile ndogo inayokwaruza, watu wote wameinama kuizunguka, dada yangu akipuliza pumba kutoka kwenye spika, akitabasamu peke yake. Alikuwa msichana bado. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. "Sura yako inasema mbele ya mudomo," alinijibu.

Sasa alikuwa ameona sakado niliyoichagua kwa sayansi yote ile, mpya, ya kijivu, inayomwambia kila mtu wa njiani kwamba ndani kuna mashine. Akaifanya chambo. Vita imekwisha kwenye redio, lakini njia ile bado ina watu wake. Alinipa mayai nijivunie, na mali akaikabidhi mpunga. Jambo moja tu hakulifikiria: kwamba nitaugawa.

"Ulimwambia wakule," mpwa wangu akasema. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa nafuu.

Usiku ule mtandao wa Kabambare haukupatikana, na kusema kweli sikuutafuta kwa bidii. Alfajiri tulikuwa njiani mimi na yeye, dereva yuleyule, ambaye alipoelezwa habari alisimamisha moto ili acheke vizuri, kwa usalama wetu sote. Mpwa wangu hakucheka. Sakado tupu ilikuwa mgongoni mwake. Kila tulipomkuta mtu amebeba mfuko wowote aligeuza kichwa mpaka mtu yule apotee.

Tulipofika, mpunga wetu ulikuwa umeanikwa uani kwenye mkeka mkubwa, wote, umesambazwa ukiwa mwembamba kama karatasi. Hapakuwa na kitu kingine juu ya mkeka isipokuwa kuku. Mama mpishi alitoka jikoni, akapangusa mikono.

"Karibu, papa. Mupunga ililowa. Nimeanika, isiote."

"Aksanti sana, mama. Ndani yake kulikuwa na kitu."

"Kitu gani?"

"Mashine. Kompyuta."

Alikunja mikono kifuani. "Iko namna gani?"

Nikafungua mdomo. Ningeweza kumweleza sakado kwa saa nzima: mshono, sifongo, meno ya zipu. Mashine yenyewe sikuwa nimeiangalia hata mara moja.

"Nyeusi," nikasema.

"Apana."

"Si nyeusi sana."

"Papa," akasema kwa upole, "jana ulisema nikule. Mutu hasemi nikule mashine. Hii kitu si yako."

Dereva alikohoa na kugeukia kilima. Mpwa wangu akapita mbele yangu.

"Mama, shikamoo. Iko ya majivu. Kwa kona moja imepasuka, kaka yangu amebandika na gundi. Herufi moja hapa chini imefutika, ni A. Kwa nyumba mama anaifungaka siku zote kwa kikwembe chake, cha maua ya njano, na ndani ya sashe ya plastiki mbili." Aliivuta sakado tupu mbele, akaikumbatia. "Ni ya masomo. Baba amesema ikikufa nirudi nyumbani."

Yule mama alikunjua mikono. Aliingia chumbani, tukasikia kitanda kikilia, na akatoka na kikwembe cha maua ya njano mikononi, amekibeba kama watu wanavyobeba mtoto wa mtu mwingine.

"Njo, mwanangu. Mimi sikufungua. Nilisikia tu kwa mikono iko kitu ngumu, nikapapasa, nikaona pembe. Watu wa njia waliuliza juu ya mupunga, nikawaambia ni ya marehemu, wakaogopa."

Binti akaketi kwenye kigoda, akafungua kikwembe, akafungua sashe ya kwanza na ya pili. Punje mbili tatu za mpunga zilianguka, kuku akazifuata. Alibonyeza kitufe. Kioo kilibaki cheusi. Sisi wote tuliinama, mimi, dereva, mama mpishi na wasafiri wawili walioacha bukari yao ipoe, na kioo kilituonyesha nyuso zetu tu, tano zenye wasiwasi na moja katikati iliyofumba macho. Kisha kikatoa mlio mdogo, na mwanga.

Mama mpishi akapiga kigelegele. Mpwa wangu alifumbua macho, akabonyeza herufi kadhaa, moja baada ya nyingine, ikiwa ni pamoja na ile iliyofutika, akazisoma kwenye kioo kwa midomo bila sauti. Halafu akaizima ili asimalize umeme, akaifunga, na kuiingiza kwenye mfuko wa sifongo. Nilinyoosha mikono niivae.

"Nitabeba mwenyewe, mujomba," akasema.

Tuliacha nusu ya mpunga pale, safari hii kwa akili timamu. Tulifika Kasongo adhuhuri, na shemeji alipiga simu kabla hatujanawa. Alitaka kujua kama mashine imefika muzima. Nilihisi uso wangu unaanza kusema, nikampa simu binti mwenyewe.

"Imefika, baba. Iko inawaka. Njia ilikuwa mubaya kidogo, lakini tumefika." Akasikiliza. "Ndiyo. Kesho ninaenda kujiandikisha. Umwambie mama mupunga imefika." Akasikiliza tena, kwa muda mrefu zaidi, na safari hii alicheka. "Huyo mumurudishie samaki yake."

Akanirudishia simu. Aliingia sebuleni, akasimama mbele ya meza yangu ya kazi, ile ambayo kwa miaka hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, akaipima kwa macho.

"Mujomba," akasema, "hizi vitabu zako unaweza kuzisogeza?"

Nikazisogeza.